Maneno Yenye Kwao

Wifi yangu hawezi kumpa mtu mkate kabla hajamuuliza kwao ni wapi. Awe abiria aliyeshuka kwenye basi na njaa yake, awe fundi wa umeme aliyekuja kusoma mita, swali ni hilo hilo: "Karibu. Kwenu wapi?" Ukimjibu anaendelea: "Na mama yako naye kwao wapi?" Akishajua, hata ukipotea mwaka mzima, siku ukirudi atakuita kwa ukoo wako na kukuuliza hali ya mama. Asipojua, kesho yake anakutazama kama hajapata kukuona duniani. Si kiburi. Ndivyo Mwenyezi Mungu alivyokiumba kichwa chake: kitu kisicho na kwao hakikai humo.

Watu wanamwita Chachu. Jina hilo alipewa na mumewe, marehemu kaka yangu, siku za mwanzo za ndoa yao. "Mke wangu akigusa kitu lazima kiumuke," alikuwa akisema, "hata ugomvi." Kaka ndiye aliyemjengea tanuri la matofali nyuma ya nyumba. Alipofariki, mimi nilikuja wiki ya msiba kumsaidia wifi kukanda unga, maana wateja hawafiwi na njaa. Sijaondoka mpaka leo.

Chumba chetu cha kazi ni kirefu na chembamba. Katikati ipo meza ya mbao iliyolika kwa kukandiwa, imeingia shimo upande wa wifi na upande wangu, kila mtu na shimo lake. Ukutani yapo makarai ya kuumulia unga, na mwisho kabisa lipo dirisha la kuuzia, ambapo anasimama mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Huyo tunamwita Redio. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha tanuri, tunashikana mikono watatu tunaomba. Redio huomba kwa sauti ile ile anayouzia mikate, na sina shaka maombi yake yanafika kwanza.

Shule, wifi aliishia ya msingi, kama mimi. Kiingereza tulifundishwa kwa kuimba. Mwalimu anaandika neno ubaoni, sisi tunaliimba mpaka kengele inalia. Yale maneno yalikuwa kama kokoto mfukoni, mazito, mengi, na hujui utayafanyia nini. Tukifika nyumbani tunayamwaga tukacheze.

Basi tuliishi hivyo bila Kiingereza na hatukupungukiwa na kitu, mpaka siku mwanetu alipopiga simu.

Mwanetu ni binti wa wifi na kaka yangu, mtoto wao pekee. Mimi ni shangazi yake na pia mama yake wa ubatizo, niliyemshika siku anamwagiwa maji. Ni muuguzi huko ng'ambo, kwenye nchi za baridi. Wifi aliiweka simu mezani katikati ya unga, akafungulia sauti ili wote tusikie.

"Mama, shikamoo. Shangazi upo? Shikamoo."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, yule kijana niliyekwambia. Anakuja kujitambulisha. Anakuja na mama yake."

Redio alipiga kigelegele hadi mteja dirishani akaangusha kikapu. Wifi akacheka, akafuta machozi kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na unga.

"Karibuni sana! Kwao wapi huyo mama?"

"Mama na wewe!" Binti alicheka. "Atakwambia mwenyewe. Yaani, ataniambia mimi nikwambie. Anajua Kiingereza tu. Lakini usiwe na wasiwasi, wewe utakaa tu na kutabasamu, mimi nitawatafsiria."

Wifi akanyamaza. Mimi namjua, akinyamaza ujue jambo limeanza kuumuka.

"Mwanangu," alisema pole pole, "siku ile ndiyo ninakukabidhi wewe kwa huyo mama. Utatafsiri nini? Utajitafsiri mwenyewe, kama mzigo unaojisomea anwani?"

"Mama jamani..."

"Nimekulea bila baba, kwa mikono hii. Neno la kukukabidhi nitalisema kwa mdomo wangu, mzazi mwenzangu alisikie kutoka kwangu. Nisipoliweza, basi mniweke sebuleni pamoja na kabati, tutabasamu wawili."

Simu ilipokatika, nilimwambia, "Wifi, umejitia kwenye nini?" Akanijibu, "Wifi, kanda."

*

Mbele ya dirisha letu lipo benchi, na juu ya benchi hilo kila asubuhi hukaa mzee mmoja mstaafu aliyefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi. Ni mjane, nyumbani kwake hakuna wa kuchemsha chai, kwa hiyo hula mkate wake pale pale akisalimia watu. Tunamwita Mwalimu. Wifi alimwendea siku iliyofuata na ombi lake.

"Nifundishe Kiingereza, Mwalimu. Si chote. Cha kutosha mkwe mmoja."

Mwalimu alifurahi kama mtu aliyerudishiwa chaki. Akaanza na mimi ni, wewe ni, yeye ni. Wifi alirudia vizuri sana. Kesho yake hakukumbuka hata moja. Siku ya tatu vivyo hivyo. Mwalimu akaanza kujikuna kidevu. Siku ya nne akaonyesha dirisha la kuuzia, akasema, "Hili basi. Window."

"Window," alisema wifi. Halafu, kwa mazoea tu, akauliza, "Kwao wapi?"

"Kwao nani?"

"Hilo neno. Kwao wapi?"

Miaka yote ya kufundisha, Mwalimu alisema baadaye, hakuna mwanafunzi aliyemuuliza hivyo. "Unajua," akasema, "hilo lina kwao kweli. Lililetwa na watu wa kaskazini waliovuka bahari wakaenda kukaa na Waingereza. Zamani nyumba zao hazikuwa na kioo, ni tundu tu. Wakaliita jicho la upepo."

Wifi aligeuka, akaliangalia dirisha letu. Upepo wa asubuhi ulikuwa unaingia ukitikisa pazia. "Jicho la upepo," alisema. "Masikini, kumbe anatuchungulia." Na neno hilo halikutoka tena kichwani mwake mpaka leo.

Tangu siku hiyo mambo yakageuka. Mwalimu alipokuwa hajui asili ya neno alikiri hajui, akaenda nyumbani kufungua kamusi yake nene, akarudi asubuhi akitembea haraka kuliko miguu yake inavyoruhusu. "Nimempata!" anasema hata kabla ya salamu. Akatuambia husband alikuwa ni mtu mwenye nyumba, mkaaji wa nyumba, na Redio akauliza, "Na asiyekaa nyumbani wanamwitaje?" Akatuambia muscle, ule msuli wa mkono, ulianza kwa kuitwa kipanya, maana ukiukunja unakimbia chini ya ngozi. Tulikunja mikono yetu wote watatu tukaangalia. Ni kweli! Sisi wakandaji tuna panya wakubwa. Ikawa tukiona mtu anakanda kivivu tunamwambia, "Panya wako wamelala."

Siku ya neno lady ndiyo sitaisahau. Mwalimu alilishika kama mtu aliyeficha zawadi mgongoni. "Lady," alisema, "zamani sana, alikuwa ni mkanda mkate. Mwanamke anayekanda unga wa nyumba nzima."

Wifi alikuwa na donge mkononi. Akaliweka chini. "Rudia."

"Mkanda mkate."

"Yaani wale akina mama wa kofia na glavu..."

"Jina lao limetoka mezani kwako."

Wifi alivua aproni, akaikung'uta, akaivaa upya kama anavaa gauni la harusi. "Wifi," aliniita, "umesikia? Miaka yote hii tumekuwa wakubwa na hatuna habari."

"Na lord?" niliuliza mimi.

"Huyo alikuwa mlinzi wa mkate."

"Basi hapa lord ni paka," alisema Redio, na paka wetu, aliyekuwa juu ya gunia akingoja panya wa kweli, alifungua jicho moja.

Nami sikusalimika. Mwalimu alikuja na neno gossip, akasema zamani lilikuwa na maana ya mdhamini wa ubatizo, mtu aliyekuwa ndugu yako katika Mungu. Baadaye likawa rafiki mwanamke anayekaa nawe ukijifungua, na hao wakikaa pamoja, maneno hayakosi. Ndipo likaishia kwenye umbea. Wifi alicheka mpaka akashika meza.

"Kumbe wifi yangu umbea ulipewa kanisani!"

"Nilishika mtoto wako, si mdomo wangu," nilimjibu, maana wifi bila utani ni chai bila sukari.

Lakini jambo moja lilinigusa moyo. Mwalimu alisema nice, neno wanalosifia kila kitu, zamani lilikuwa tusi. Lilimaanisha mtu asiyejua kitu, mpumbavu. Na lile la kumwita mtu mjinga, silly, zamani lilikuwa na maana ya aliyebarikiwa. Nililala nikiwaza hayo. Kumbe hata neno hutubu likaokoka, na lingine lililobarikiwa huanguka. Tusimhukumu mtu haraka.

*

Sasa niwaambie jinsi wifi alivyoyashika maneno hayo, kwa sababu mtaa mzima uliingia humo.

Kila asubuhi tunakanda makarai kadhaa, na kila karai lina mkate wake. Wifi aliamua kila karai lipewe neno. Akilifunika kwa kitambaa analitaja neno. Unga ukishaumuka, anafunua na kulitaja tena. Akilisahau, neno halibanduki kwenye karai hilo mpaka likae kichwani. Karai la mikate mirefu ya kukata slesi likawa Window. La mikate ya duara yenye ganda gumu likawa Husband. La mikate ya maziwa likawa Lady. Basi humo ndani zikawa kelele:

"Wifi, Window imeumuka!"

"Itie tanurini. Na Husband?"

"Husband bado amelala."

"Mwache, atajiamsha."

Redio, kwa kuwa ni Redio, akaanza kuyapeleka maneno hayo dirishani. Na wateja wakadhani ndiyo majina ya mikate. Sisi tulishtuka siku fundi viatu aliposimama na kusema bila hata kutabasamu, "Nipe Window moja na Husband mbili." Kufikia mwisho wa mwezi hakuna aliyesema mkate wa duara tena. Mama wa saluni alituma mtu na ujumbe: "Husband, lakini asiwe ameungua." Katekista alinunua Lady kila Jumamosi na hakuona ubaya wowote. Wifi alijaribu kuwaeleza, akashindwa. Jina likishauzwa halirudi.

Neno moja tu lilimgomea, na ndilo alilolihitaji kuliko yote.

Alimuuliza Mwalimu siku moja, akiwa amemaliza kukanda na amekaa kwenye kreti akipumzika, "Nipe neno la kumkabidhi mtoto. Sitaki la kuuza wala la kutoa. Mtoto si bidhaa."

Mwalimu alifikiri sana. Akasema, "Companion. Mwenzi. Limetoka Kilatini. Nusu yake ni pamoja, nusu yake ni mkate. Ni mtu unayekula naye mkate."

Wifi alifumba macho. "Hilo ndilo," alisema. "Mwanangu atakuwa mwenzi wako wa mkate. Nikisema hivyo, nimesema yote." Akapewa sentensi nzima kwa Kiingereza, fupi tu, na karai kubwa kuliko yote likapewa neno hilo.

Halikukaa. Akifunika karai analitaja vizuri. Unga ukiumuka, neno limeshuka. Akifunua anabaki ameshika kitambaa, midomo inacheza. "Kampa... kompo..."

"Compressor," alimsaidia Redio.

"Hiyo ni ya friji!"

"Mimi nilidhani ni Kiingereza chochote."

Kwao anapajua, maana yake anaijua, na bado halikai. Nadhani alikuwa analiogopa. Neno lile likishatoka mdomoni, mtoto ameondoka. Nilimwambia, "Wifi, mwachie Mungu." Akasema, "Nimemwachia. Naona naye analisahau."

*

Wageni walifika jioni, wakiwa wamechelewa njiani, wakapelekwa moja kwa moja kulala nyumba ya wageni mtaa wa pili, binti akiwa pamoja nao. Tuliwapungia tu kwenye gari. Mapokezi rasmi yalipangwa alasiri ya kesho yake sebuleni: mapazia yamefuliwa, viti vimeazimwa, na binti yuko tayari katikati kama mkalimani wa mahakama. Wifi hakubisha tena. Kwa kweli alikuwa amekwisha kata tamaa.

Lakini wageni au si wageni, watu wa mtaa wanakula asubuhi. Tuliomba, tukawasha tanuri, tukakanda. Jua lilipopanda kidogo foleni ilikuwa imefika kwenye nguzo ya umeme.

Nilikuwa karibu na dirisha napanga mikate, ndiyo maana niliona yote. Katika foleni alisimama mama mrefu, mgeni kabisa, nywele nyeupe zimekatwa fupi, sweta amelifunga kiunoni. Harufu ya mkate ilikuwa imemtoa kitandani na kumfikisha kwetu, bila kumwambia mtu. Nilimtambua kwa picha aliyotutumia mwanetu. Nikashindwa kusogea.

Mbele yake alikuwa fundi viatu. "Redio! Husband mbili, za moto!"

"Za moto zimekwisha, baba. Zimebaki za jana."

"Za jana ni ngumu," alidakia mama wa saluni. "Mimi nipe Window. Husband ninaye nyumbani, na yeye ni wa juzi."

Yule mgeni aligeuza kichwa huku na huku. Alikuwa anasikia lugha yake lakini haielewi. Zamu yake ilipofika, aliinama dirishani na kuuliza kwa adabu, kwa Kiingereza, huyo Husband ni yupi. Hayo nilielewa. Redio, ambaye hakujua anaongea na nani, aliinua mkate wa duara, akaugonga kwa ukucha ukalia ko ko, kisha akaufungua ndani kumwonyesha. "Husband," alisema, kwa Kiingereza chake cha dirishani. "Outside, hard! Inside, soft!"

Mgeni aliutazama mkate. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta, akacheka akatoa kitambaa, na foleni nzima ikaanza kucheka naye bila kujua sababu. Akasema jambo, na Mwalimu, aliyekuwa kwenye benchi lake, akalitafsiri kwa wote: "Anasema wa kwake alikuwa hivyo hivyo, Mungu amrehemu. Anaomba wawili."

Kwa kelele hizo wifi akatoka nyuma, mikono myeupe hadi kwenye viwiko, akiuliza, "Nani anawachekesha wateja wangu?" Akamwona. Naye alikuwa ameiangalia ile picha kila siku. Uso wake ukawa mweupe kuliko mikono.

Mwalimu alisimama haraka, akaweka sawa koti lake, akakohoa kidogo tayari kwa kazi.

"Mwalimu," alisema wifi bila kumtazama, "kaa. Kula mkate wako."

Akafungua mlango wa pembeni, akamshika mgeni mkono, akamwingiza ndani. Akageuza kreti, akalifuta kwa aproni, akamkalisha mezani upande wake mwenyewe, penye shimo lake. Kisha wakatazamana. Kile Kiingereza chote cha jicho la upepo na panya wa mkono kilikuwa kimekimbia. Wifi alifungua mdomo, na kilichotoka ni kile kinachotoka siku zote.

"Karibu. Kwenu wapi?"

Mgeni naye alikuwa amejiandaa, maskini. Aliweka mkono kifuani, akavuta pumzi, akaanza kwa Kiswahili: "Mimi... mimi na..." Akakwama. Akapekua angani kwa macho. Hakuna kitu. Basi pale palikuwa na akina mama wawili, kila mmoja ameangusha maneno ya mwenzake njiani.

Wifi alifanya anachofanya mtu mzima akikosa la kusema. Akamimina chai. Akachota kijiko, akakiinua juu ya kikombe kuuliza kwa nyusi.

"Sugar?" alisema mgeni. "Yes."

Kijiko kikasimama hewani. "Sukari," alisema wifi.

"Sugar."

"Sukari!"

"Hao ni ndugu!" Mwalimu alishindwa kuvumilia, kichwa chake kikatokea dirishani. "Neno moja hilo! Lilitoka mashariki, Waarabu wakalichukua, huku likaja sukari, huko likafika sugar!"

"Mwalimu uliambiwa ukae," alisema Redio, na kumsukumia ndani ya mdomo kipande cha Lady.

Lakini moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Wifi alinyakua limau rafuni. "Limau!" Mgeni akapiga kofi. "Lemon!" Akashika kopo la kahawa, mgeni akalinusa na kusema coffee, pole pole, akilisikiliza kwa mara ya kwanza. Wifi akayapanga mezani: sukari, limau, kahawa, kikombe cha chai, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa wajomba. Mgeni akatafuta na yeye la kuleta. Akajionyesha mwenyewe, akaonyesha ndege angani kwa mkono, akajipangusa jasho la njiani. "Long safari," alisema.

"Safari!" Wifi alinigeukia na machozi machoni. "Wifi, hilo wamelitoa kwetu!"

"Nasi tulilitoa kwa Waarabu," Mwalimu alisema akiwa na mkate mdomoni, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Chai ikawa tayari. Mezani palikuwa na Husband mmoja katika wale wawili wa mgeni. Wifi hakutafuta kisu. Aliuchukua kwa mikono, akaweka vidole gumba katikati, ganda likalia, mkate ukafunguka na harufu yake ikatoka. Nusu akampa mgeni. Nusu akabaki nayo. Wakauma pamoja.

Nilimwona akitafuna. Nikamwona ameacha kutafuna. Alitazama nusu iliyoko mkononi mwake, na nusu iliyoko mkononi mwa mwenzake. Na neno lile, ambalo makarai na makarai ya unga hayakuweza kumpa, likaja lenyewe na kukaa mdomoni pamoja na mkate.

"My daughter," alisema. Alimeza. "My daughter is your companion."

Hakukosea hata herufi.

Mgeni alielewa maneno, lakini aliona usoni mwa wifi kwamba yana kitu zaidi. Akamtazama, akautazama mkate. Wifi akainua kidole kuelekea dirishani. "Sasa, Mwalimu. Hilo tu."

Mwalimu alieleza kwa upole, akionyesha: pamoja, mkate. Mgeni aliinamia ile nusu yake. Alipoinua uso alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, akasema maneno ambayo Mwalimu alituletea moja baada ya jingine, kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba mayai.

"Anasema, neno hili amelisema maisha yake yote akiwa mdomo mtupu. Anasema, mwanao, kwake, hatakula peke yake hata siku moja."

Wifi alishusha pumzi ndefu. Nilijua ameitunza pumzi ile tangu siku ya simu, pengine tangu siku ya msiba. Akavuka meza, akamkumbatia mzazi mwenzake, na mikono yake ya unga ikabaki imechorwa mgongoni mwa blauzi, vidole vyote kumi.

*

Binti yetu alifika akitweta, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi. "Mama! Shangazi! Mgeni hayupo chumbani, tumetafuta kote, sijui ame..."

Akaona. Mama mkwe wake alikuwa amesimama mezani, mikono ya blauzi imekunjwa, anakanda donge la alasiri. Mama yake alikuwa pembeni akimpigapiga mkono juu ya kiwiko.

"Panya wake!" wifi alimpigia kelele binti. "Njoo uone, panya wake wazima kabisa!"

"Muscle," alisema mgeni, akikunja mkono kwa fahari, maana alikuwa amekwisha elezwa. "Panya."

"Mmeelewana vipi?" binti aliuliza. Aliketi juu ya gunia, paka akampisha. "Mama, mmeongea nini?"

"Mambo ya wakubwa," alijibu wifi. "Wewe umeshakabidhiwa. Kula."

Alasiri tulikaa sebuleni kama ilivyopangwa, chini ya mapazia yaliyofuliwa, binti katikati na kazi yake ya ukalimani. Hakupata nafasi. Kila akifungua mdomo, mama zake wawili walikuwa tayari wanaonyeshana kitu chumbani na kuulizana kwao ni wapi. Mwishowe akaegemea bega la mchumba wake, akala keki.

Harusi ilifanyika, Mungu ni mwema. Sasa kila Jumapili baada ya ibada simu inawekwa mezani kati ya unga. Mama wa ng'ambo anaanza, "Dada, shikamoo," ingawa ni mkubwa kwa wifi, na wifi anaitikia marahaba kwa furaha, na hakuna anayemrekebisha. Kisha wifi anauliza kwa lugha zote mbili zilizochanganywa kama maziwa na chai, "Mwanangu anakula?" Na kule nyuma tunasikia sauti ya binti, mdomo umejaa: "Ninakula, mama!"

Lile karai kubwa lilibaki na neno lake. Mkate wake ni mpana, wa kugawana, na Redio anautangaza mpaka mtaa wa tatu. Kuna sharti moja tu, na wateja wamelizoea kama walivyozoea mengine. Ukisimama dirishani na kusema, "Nipe Companion," wifi anatoka nyuma na unga wake hadi viwikoni. Siku hizi haulizi kwenu wapi.

"Unakula na nani?" anauliza.

Usipokuwa na jibu huupati. Unaonyeshwa benchi, unakaa na Mwalimu, na mkate unaletwa hapo.